Maswali ya Wasomaji: Naogopa Farasi, na Siku ya Safari Inakaribia

SWALI

Mhariri, hujambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Nakuru. Walimu wenzangu wameamua kwamba likizo hii twende Naivasha kwa siku moja, na katika ratiba wameweka saa moja na nusu ya kupanda farasi tukiongozwa na mwelekezi, tukipita chini ya migunga iliyo karibu na ziwa. Nilikubali kwa sababu sikutaka kuonekana mwoga, lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Sijawahi kupanda mnyama yeyote. Nilipokuwa mdogo, punda wa jirani aliyekuwa akibeba maji alimpiga kaka yangu teke la paja mbele ya macho yangu, na hadi leo nikiona mkokoteni wa punda, mimi huvuka barabara ili niukwepe. Wenzangu wananishauri nisimwonyeshe farasi kwamba ninaogopa, eti atanidharau. Je, ni kweli farasi hujua? Nifanye nini ili asikimbie nami? Tena mimi huvaa hijabu, sijui kama nitaweza kuvaa kofia yao.

Mwalimu, Nakuru

JIBU

Mwalimu mpendwa, pole kwa usingizi uliokupotea. Nitaanza na ushauri wa wenzako, kwa kuwa katika barua yako yote huo ndio ninaouona una hatari. Wamesema kweli kwamba farasi hutambua wasiwasi wa mtu aliye naye. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu waliwaongoza au kuwapanda farasi kutoka sehemu moja hadi nyingine mara kadhaa, na kabla ya mara ya mwisho wakaambiwa kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya wale watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ilhali farasi hawakuwa wameona wala kusikia lolote la kuwatisha. Walipokosea wenzako ni katika kudhani kwamba atakudharau. Farasi ni mnyama wa kundi ambaye kinga yake ni mbio. Mwenzake akikaza mwili, naye huinua kichwa na kuanza kutafuta adui aliko. Shida yake ni kwamba anakuamini upesi mno.

Sasa fikiria kinachompata mtu anayeogopa na kuficha. Magoti yanabana, mikono inavuta hatamu, pumzi inakatika. Kwa farasi aliyefunzwa, miguu inayobana mbavu ni amri ya kwenda, na hatamu inayovutwa ni amri ya kusimama, kwa hiyo mwoga aliyenyamaza humpa mnyama amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, kisha hushangaa mbona anatikisa kichwa na kuzunguka. Woga uliotajwa kwa sauti, kwa upande wake, humfikia mwelekezi, na yeye ana mengi ya kuufanyia: anaweza kukuchagulia farasi mtulivu kuliko wote, akakuweka nyuma yake moja kwa moja, akamfunga farasi wako kamba ya kuongozea ambayo ataishika mwenyewe, au akafupisha njia. Hawezi kufanya hata moja kati ya hayo ikiwa umefika unatabasamu na kusema hauna neno. Ndiyo maana ninakusihi usifiche, hata kama utachekwa kidogo.

Piga simu siku chache kabla ya safari, wewe mwenyewe, bila kumwachia mwenzako anayepanga ratiba. Waeleze kwamba hujawahi kupanda, kwamba una hofu, na hofu hiyo ilitoka wapi. Kisha uliza farasi utakayepewa ana umri gani na amewabeba wageni kwa muda gani. Nchini Kenya farasi wengi wa kupandwa na wageni walianza maisha yao katika mbio za Ngong, na farasi wa namna hiyo anaweza kuwa mpole sana, ila huhitaji muda wa kufunzwa upya kwenda polepole nyuma ya mwenzake, bila kushindana naye. Mwanafunzi anafaa kupewa farasi wa makamo aliyekwisha kuchoka na mambo ya ujana. Ukijibiwa kwamba farasi wao hawana shida yoyote kabisa, uliza tena, kwa sababu farasi wa namna hiyo hajazaliwa. Mtu anayewajua vizuri wanyama wake atakuambia huyu hapendi kupitwa, yule huinamia nyasi kila mara, na kwa hiyo tutakupa wa tatu.

Uliza pia kundi litakuwa na watu wangapi, na kama wote ni wageni wa jambo hili. Swali hili wengi hulisahau, nami naliona kubwa kuliko yote. Ikiwa miongoni mwa wenzako kuna wawili waliowahi kupanda na wanatamani kwenda shoti, farasi wako atataka kuwafuata, hata awe mzee na mpole kiasi gani, kwa kuwa kundi likikimbia anayebaki nyuma ndiye huliwa, na jambo hilo liko katika damu yake. Hutakuwa na nguvu ya kumzuia, wala hakuna anayetarajia uwe nayo. Basi mwombe mwelekezi awagawe: wanaotaka mbio waende na mwelekezi wao kwa wakati wao, nanyi mliobaki mwende kwa hatua tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hatua farasi hutembea takribani kilomita 6 kwa saa, mwendo unaozidi kidogo ule wa mtu mwenye haraka, na katika saa moja na nusu mtakuwa mmeona mengi. Mwendo wa matiti, ule wa kurukaruka, uachie siku nyingine.

Kuhusu punda na teke lake, sikuwepo, kwa hiyo siwezi kusema kilichotokea. Ninachojua ni kwamba mateke mengi hutoka kwa mnyama aliyeshtushwa kutoka mahali asipoona. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa sehemu mbili: mbele kabisa ya paji lake la uso, na nyuma kabisa ya mkia. Mtoto anayepita mbio nyuma yake huwa ni kivuli kilichozuka ghafla. Kwa hiyo mkaribie farasi kutoka upande wa bega, polepole, ukimsemesha kabla hujafika, kisha umwekee kiganja shingoni au begani badala ya kumpapasa usoni. Nyuma usipite, zunguka kwa mbele, au pita mbali, hatua nne au tano kutoka mkia. Jambo hili moja ukilishika, kile ulichokiogopa tangu utotoni utakuwa umekiepuka kwa sehemu kubwa, na hapo hujapanda bado.

Fika mapema, hata nusu saa kabla ya wenzako ikiwezekana, umtazame saisi, yaani mtunza farasi, akimpiga farasi wako brashi na kumtandika. Angalia masikio. Yakiwa yamelegea kando au yanazunguka taratibu kufuata sauti, ametulia. Yakisimama wima yakielekea mbele, kuna kitu anachokitazama, nawe kitazame. Yakilala nyuma kabisa yakagusa shingo, amekasirika, na hapo mwachie nafasi. Mwombe saisi akuonyeshe namna ya kumpa karoti juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole vikiwa pamoja, ili asikosee akauma kidole. Nimewaona watu wazima wakitetemeka kwa muda mrefu, kisha mdomo ule laini ukigusa kiganja mabega yao yakashuka yenyewe.

Mavazi si ya urembo. Vaa suruali ndefu isiyo na mshono mnene sehemu ya ndani ya goti, na viatu vilivyofunika vidole vyenye kisigino kifupi cha sentimita moja au mbili, kwa sababu kisigino ndicho kinachozuia mguu usipenye katika kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, na kunasa. Ndala na viatu vya wazi viache nyumbani. Ukipenda stara zaidi, vaa kanzu fupi iliyopasuliwa kando juu ya suruali. Vazi refu lililoachwa kupepea huweza kumtisha farasi au kunasa kwenye tandiko. Kofia ngumu ni lazima, na hijabu haikuzuii kuivaa. Chagua ile ya kitambaa chepesi kinachovutika, iliyobana kichwa, isiyo na pini hata moja, kwa kuwa pini chini ya kofia inaweza kukuchoma ukianguka. Ncha zake ziingize ndani ya blauzi. Usifunge nywele fundo kisogoni, kwani litaisukuma kofia mbele. Kofia inayokufaa hukaa sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa haichezi hata kabla ya kufunga mkanda wa kidevu. Ijaribu ukiwa umevaa hijabu hiyohiyo utakayopanda nayo. Mahali wasipokuwa na kofia inayokutosha, usipande, hata kama mmekwisha kulipa.

Kupanda kwenyewe ni jambo la nusu dakika, na wengi hulihofia kuliko yote. Utasimama juu ya ngazi fupi ya mbao, upande wa kushoto wa farasi, huku saisi amemshika kichwa. Mkono wa kushoto ushike hatamu pamoja na fungu la singa za shingoni. Usihofu kuzishika. Mguu wa kushoto uingie katika kikuku, mwili uinuke, mguu wa kulia uvuke juu ya kiuno chake bila kumgusa, kisha ukae taratibu. Ukishakaa, usiondoke mara moja. Toa pumzi ndefu kwa mdomo. Mara nyingi utamsikia farasi naye akipuliza kwa puani, na hiyo ni dalili njema.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa ulijue kwa sababu ni kipimo kizuri cha mwelekezi. Farasi wengi hukaza kifua na tumbo saisi anapofunga mshipi wa tandiko, kisha hulegea wakianza kutembea, na mshipi nao ukalegea. Mwelekezi makini humsimamisha kila farasi baada ya dakika chache, hukuambia usogeze mguu mbele, huinua ubao wa ngozi wa tandiko, na kuukaza mshipi tundu moja au mawili. Asipofanya hivyo, mwambie kwa adabu aangalie. Tandiko linalozunguka na kuteremkia ubavuni huwaangusha watu ambao farasi wao hakufanya kosa lolote.

Njiani, kaa wima, visigino vikiwa chini kuliko vidole, macho yakitazama unakokwenda na si shingo ya farasi. Hatamu ishike kwa wepesi, iwe na mgusano na mdomo wake bila kuning'inia, nawe usiitumie kujishikilia. Ukihitaji kushika kitu, shika singa au ukanda ulio mbele ya tandiko. Acha nafasi ya urefu wa farasi mmoja kati yako na wa mbele. Mkipanda kilima egemea mbele kidogo, mkishuka rudi nyuma kidogo. Akiinama kula nyasi, mwinue kichwa kwa imara na mguse kwa miguu, maana akila mara ya kwanza atakula njia nzima. Na wewe ni mwalimu wa watoto, kwa hiyo imba. Nasema hivi kwa dhati kabisa: mtu hawezi kuimba huku amezuia pumzi, na wimbo wa darasani uliouzoea utakulainisha mwili kuliko maelekezo yangu yote haya.

Wanyamapori wa Naivasha watakufurahisha. Pundamilia, twiga, swala na kuro humruhusu mtu aliye juu ya farasi kufika karibu kuliko aendaye kwa miguu, kwa kuwa wanachokiona na kukinusa ni mnyama mwenzao. Ila kiboko hana ukarimu huo, naye hutoka majini kula nyasi kuanzia jioni hadi alfajiri. Omba mwende mchana, saa tatu au saa nne asubuhi ni nzuri, na mwelekezi awaweke mbali na ukingo wa maji na matete.

Swali lako kuu lilikuwa akikimbia. Kwanza, kushtuka kwa farasi mara nyingi ni kuruka hatua moja au mbili kando, kisha kusimama na kutazama: mfuko wa plastiki, ndege aliyeruka kichakani, bodaboda iliyokohoa. Kaa chini katika tandiko, shika singa, toa pumzi, semesha. Akianza kweli kukimbia, usipige mayowe na usibane miguu. Egemea nyuma kidogo, vuta na uachie hatamu kwa vipindi, kisha, kama pana nafasi, mvute upande mmoja ili azunguke kwenye duara linalopungua, kwani mwendo hupungua akizunguka. Mwambie mwelekezi akufundishe hili mkiwa bado uani, mara mbili tatu, kwa hatua tu. Naye asikukimbilie kwa nyuma. Akifanya hivyo farasi wako atadhani ni mashindano.

Pataneni na mwelekezi juu ya neno moja ambalo ukilisema kundi zima linasimama, bila maswali. Na ukifika pale kwenye ngazi ya mbao ukaona moyo umekataa, mpige farasi brashi, mpe karoti yake, uwapungie wenzako mkono. Siku nyingine utaomba upandishwe uani tu kwa dakika 10, na hapo utakuwa umeanza vizuri kuliko aliyeburutwa na aibu.

SWALI

Nina mtoto wa miaka 5 anayependa farasi sana. Tutakwenda kupanda kwa mara ya kwanza, mimi na yeye. Je, naweza kumpakata mbele yangu juu ya tandiko moja ili nimlinde?

Baba, Thika

JIBU

Ndugu yangu, tafadhali usifanye hivyo. Tandiko moja lina nafasi ya mtu mmoja na vikuku vya mtu mmoja. Farasi akiruka kando, wewe unayejifunza kukaa utatafuta kitu cha kushika, na kitu hicho kitakuwa mtoto, mkianguka, utamwangukia. Zaidi ya hapo, kofia yake ngumu itakuwa usawa wa kidevu chako. Mwombee mtoto farasi mdogo wa kimo chake, anayeshikwa kamba na mtu anayetembea kwa miguu, na mtu wa pili akitembea ubavuni mkono ukiwa karibu na goti la mtoto. Dakika 15 hadi 20 zinamtosha, kwa sababu misuli yake huchoka kabla ya furaha yake. Kofia iwe ya kipimo chake, si ya mtu mzima iliyojazwa kitambaa. Nawe usiwe juu ya farasi wakati huo. Tembea naye, kisha upande baada yake, mama yake au mtu mwingine akimshika mtoto mbali na uzio.

SWALI

Nilikwenda na wafanyakazi wenzangu kupanda farasi kwa mara ya kwanza, nikapimwa kwenye mizani mbele ya watu, kisha nikaambiwa kilo zangu 106 hazikubaliki. Niliondoka nimefedheheka. Je, huu si ubaguzi? Ningali natamani kupanda.

Msomaji, Arusha

JIBU

Ndugu, kukupima mbele ya watu lilikuwa kosa, na una haki ya kukasirika. Jambo kama hilo huulizwa kwa simu, kabla mtu hajafunga safari. Lakini kikomo chenyewe kipo kwa ajili ya mgongo wa mnyama. Mahali pengi hufuata kanuni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Mwaka 2008 lilichapishwa jaribio la Marekani ambalo farasi walibebeshwa mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalikuwa juu zaidi na misuli ikaonyesha dalili za maumivu. Farasi wa kilo 500 akiwa na tandiko la kilo 10 anabakiwa na nafasi ya mtu wa kilo 90. Kwako wewe anatakiwa farasi wa kilo 580 au zaidi, mwenye mifupa minene na afya njema, na wapo, ingawa si kila zizi linaye.

Piga simu, taja uzito na kimo chako waziwazi, uulize kama wanaye farasi wa kiasi hicho. Ukimpata, omba safari fupi ya hatua, kwenye ardhi tambarare, na panda kutoka kwenye ngazi ndefu, kamwe usipandie kutoka chini, kwa kuwa mtu anayejivuta kutoka ardhini humlemea farasi upande mmoja wa mgongo, hata mtu mwembamba. Kwa kuwa ni mara yako ya kwanza, fanya mazoezi ya kunyoosha nyonga na sehemu ya ndani ya mapaja kila siku hadi siku ya safari. Hapo ndipo utakapoumia kesho yake, na huumia kila mtu, wa kilo 50 na wa kilo 106.